Fimbo ya okidi imebaki kipara: ukate au uache?

Kabla hujashika mkasi ibonyeze kwanza hiyo fimbo, yaani lile shina refu la okidi lenye pingili, kwa vidole viwili. Ni ngumu au inabonyea? Hilo swali ndo linaamua karibu kila kitu nitakachoandika hapa, na wengi wanaoniletea okidi zao zikiwa hoi hawakuwahi kujiuliza, waliona tu fimbo haina hata jani moja wakasema hii imeshakufa wakaikata chini, msimu uliofuata wakakata nyingine, mwisho kwenye chungu kimebaki kijifimbo kimoja cha kijani na mtu anauliza mbona okidi yangu haikui wala haitoi maua.

Naelewa hii tabia inatoka wapi. Sisi wa Kilimanjaro na Arusha tumekulia kwenye migomba na kahawa, mgomba ukishatoa mkungu unakatwa palepale kwasababu hauzai tena na unawanyima watoto nafasi. Okidi ya fimbo haiendi hivyo. Fimbo iliyotoa maua mwaka jana bado ina maji na chakula ndani, na hicho chakula ndo kinajenga fimbo mpya ya mwaka huu, alafu pale chini kwenye kitako chake kuna macho, yaani sehemu za kuchipua, yamelala ambayo yanaamka siku fimbo mpya ikiliwa na konokono au ikioza. Ukiikata ikiwa hai umeutupa huo msaada wote, na mmea hauwezi kuurudisha kwa mwezi mmoja wala miwili.

Nikisema fimbo naongelea yale mashina marefu yenye pingili yanayosimama kwenye chungu, ya Dendrobium hasa, na hata Cattleya yenye mashina manene mafupi kanuni ni hiyohiyo. Kama okidi yako ina majani mapana yamelala chini mawili mawili, haina fimbo yoyote, na maua yametoka kwenye kijiti kirefu kilichopinda, hiyo ni Phalaenopsis, ndo wanaziuza sana supamaketi kama zawadi. Hiyo haina cha kukatwa zaidi ya kijiti cha maua kikishakauka na mizizi iliyooza, ina sehemu moja tu ya kukulia pale katikati, ukikata pale umeimaliza.

Sasa twende dalili moja moja.

MAJANI YOTE YAMEDONDOKA, FIMBO NI NGUMU

Usikate. Hii ndo kesi ya kwanza na ndo inaua okidi nyingi kuliko magonjwa, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Dendrobium zinazouzwa huku kwetu nyingi ni za aina mbili. Kuna za ukoo wa Dendrobium nobile, asili yake Himalaya na nchi za karibu na pale, fimbo nene zenye mafundo yamevimba, majani laini kiasi, maua yanatokea ubavuni kwenye mafundo, mawili matatu kila fundo. Kule kwao ukija msimu wa baridi na ukavu inapukutisha majani, alafu maua yanachomoza kwenye fimbo tupu isiyo na majani. Yaani ile fimbo kipara unayoitolea macho mwezi wa saba ndo imebeba maua yako yajayo. Nyingine ni ile wanaiita Dendrobium phalaenopsis, jina lake jingine Dendrobium bigibbum, ya kaskazini mwa Australia na New Guinea, fimbo nyembamba ndefu, majani magumu, na maua yake yanatoka kwenye kikonyo kirefu juu kabisa karibu na ncha. Hii inakaa na majani muda mrefu ila fimbo za miaka miwili mitatu nazo zinapukutisha taratibu, na fimbo hiyohiyo inaweza ikatoa kikonyo tena mwaka unaofuata na mwingine tena, iwe na majani au isiwe nayo. Kikonyo kikishakuwa cha kahawia kikate, fimbo iache.

Tofauti hii ina maana kubwa kwetu kwasababu Arusha mjini tupo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi mjini haifiki 1,000. Julai usiku Arusha inashuka mpaka nyuzi 12 au 13 na mvua hamna, na nobile inataka hicho kitu hasa, usiku wa nyuzi 10 mpaka 15 kwa wiki kadhaa na maji kidogo ndo inaweka macho ya maua, kwahiyo mtu wa Njiro au Sakina, au ndugu zetu wa Marangu na Machame juu, kuona nobile imevua majani mwezi wa saba ni habari njema. Ile ya bigibbum yenyewe haitaki usiku wa chini ya nyuzi 15, Arusha Juni hadi Agosti inadondosha majani kwa baridi tu wakati Moshi chini inastawi vizuri. Ikikudondoshea majani hivyo isogeze ndani karibu na dirisha lenye mwanga, punguza maji, usipunguze fimbo.

Kama huna uhakika bado, fimbo nyingi zinavaa maganda meupe au ya kijivu makavu kama karatasi na hayo ndo yanawadanganya watu, wanaona nje pamekauka. Chana kidogo ganda moja lililokauka kabisa uangalie ngozi ya ndani, ukikuta kijani au njano yenye ukijani, ngumu, ni hai. Ukikwangua kidogo sana kwa kucha na chini pana kijani chenye unyevu, ni hai pia, ila usikwangue kila wiki unatengeneza vidonda.

FIMBO IMEKUNJAMANA

Hapa angalia ni ipi iliyokunjamana. Kama ni ile ya zamani peke yake na ya mwaka huu imejaa vizuri, hakuna tatizo, mama anamnyonyesha mtoto, muache mpaka mwenyewe akauke. Kama ni msimu wa baridi na nobile yako imepumzishwa maji, kukunjamana kidogo ni kawaida, mwagia kidogo asubuhi mara moja baada ya siku kadhaa.

Ila kama zote zimekunjamana mpaka ile changa, tatizo lipo kwenye mizizi, na hapa watu wanachanganyikiwa kwasababu mmea unaonekana una kiu, wanaongeza maji, kumbe mizizi ilishaoza kwa hayohayo maji na haiwezi kunywa tena. Itoe kwenye chungu. Mzizi hai ukilowa unakuwa mweupe au kijani na ukiubana ni mgumu, uliokufa ni wa kahawia, mtupu, ukiuvuta ganda linavuka linabaki uzi. Kata yote iliyokufa, fimbo zote ziache hata kama zina sura mbaya, saa hii hazina mizizi kwahiyo zinaishi kwa akiba yake zenyewe na kila fimbo unayoitoa unafupisha huo muda. Panda kwenye chungu kidogo kinachotosha mizizi iliyobaki tu, funga fimbo kwenye kijiti zisitikisike maana mzizi mpya ukiwa unasuguliwa kila upepo ukipita hausimami, weka sehemu yenye kivuli na unyevu hewani, na maji yawe machache mpaka uone ncha za kijani za mizizi zinachomoza.

Na sababu ya mizizi kuoza mara nyingi ni udongo. Mtu anapanda Dendrobium kwenye udongo mweusi wa shambani na samadi juu, kwasababu ndo unaofaa kila kitu kingine bustanini. Hizi huko kwao zinaota juu ya miti, mizizi inataka hewa. Tumia vipande vya mkaa vya saizi ya kidole gumba, makumbi ya nazi yaliyolowekwa siku kadhaa ukibadilisha maji mpaka rangi na chumvi viishe, na sisi tuna bahati ya mawe mepesi ya volkano yenye matundu, sehemu za Meru na Kilimanjaro yapo mpaka wanafyatulia matofali. Maranda ya mbao yaache, yanashikana yanakuwa tope.

INABONYEA, INA MAJIMAJI, RANGI NYEUSI AU KAHAWIA

Kata leo. Usisubiri wikiendi.

Huu ni uozo na unapanda kutoka fimbo moja hadi nyingine kupitia kile kishina cha chini kinachoziunganisha. Unatokea zaidi masika, Machi mpaka Mei, wiki nzima mvua, hewa imesimama, maji yanalala kwenye kikonyo cha jani changa usiku kucha. Uozo mweusi unaoanzia chini na kupanda haraka mara nyingi ni wa vimelea vya Phytophthora au Pythium, fimbo changa inakuwa nyeusi na ukivuta jani linachomoka lenyewe. Ukiona majimaji ya kahawia na harufu mbaya, hao ni bakteria, na hapo dawa ya ukungu haitafanya kazi, kinachofanya kazi ni kukata na kukausha.

Unakata mpaka ufike kwenye nyama safi. Fimbo imeoza kutoka juu, shuka chini ya pale palipooza sentimita 2 au 3, angalia ulipokata, kama katikati pana alama ya kahawia shuka tena kwa wembe mwingine. Imeoza kutoka chini, itoe yote pamoja na kipande chake cha kishina, kisha kichunguze kile kishina: kikiwa na mduara wa zambarau au pinki ndani, huo ni mnyauko wa Fusarium, endelea kukata mpaka mduara upotee na ukishindwa kuupoteza mmea mzima ukachome, usiupeleke kwenye lundo la mboji.

Baada ya kukata paka unga wa mdalasini kwenye kidonda, ule wa jikoni usio na sukari, unakausha haraka. Kwenye kidonda cha fimbo tu, usiumwage kwenye mizizi mizima utaikausha nayo. Usimwagie maji siku 4 mpaka 7, tenga na wenzake, peleka penye hewa inayopita. Kama ni ule uozo mweusi, dawa yenye mankozebu na metalaksili inasaidia, ile wanayopuliza nyanya na viazi, fuata kipimo cha kwenye pakiti na vaa glovu.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri watu wa Moshi hasa. Kwenye nyumba nyingi zenye shamba la kahawa kuna dawa ya kopa, ile ya rangi ya bluu au kijani inayopulizwa kwa ajili ya kutu ya majani na chulebuni (ugonjwa wa buni), na mtu akiona okidi inaoza anachota hiyohiyo anapulizia. Dendrobium haipatani na kopa kabisa. Inaunguza majani na machipukizi mapya, alafu unafikiri ugonjwa umezidi unapuliza tena. Kopa ibaki kwenye kahawa.

IMEKAUKA KABISA

Nyepesi mkononi, kahawia mpaka ndani, ukiipinda inavunjika kama bua la mahindi makavu. Hii imekufa, kata ukipata nafasi, haina haraka ila usiiache miaka maana konokono na mende wanajificha humo.

Kata chini, acha kisiki cha sentimita 2 hivi, usichimbe mpaka ndani kwasababu macho ya jirani yake yako karibu sana. Kabla ya kukata pangusa pale chini uangalie kama hamna chipukizi limeanza, wakati mwingine fimbo kavu inaficha chipukizi nyuma yake na mkasi unaondoka na vyote. Wakati mzuri ni kipindi kikavu, Septemba joto likianza kurudi au Januari na Februari. Masika usikate kitu chochote ambacho hakijaoza, kidonda kitalowa kila siku.

NCHA TU NDO IMEKUFA

Fimbo imekauka juu kama kiganja hivi na chini ni ngumu ya kijani. Kata ile sehemu kavu tu, juu kidogo ya fundo lililo hai, nusu iliyobaki inaendelea na kazi. Sababu inaweza kuwa jua, umehamisha kutoka kivulini ukaiweka kwenye jua la saa saba la Februari bila kuizoesha, hapo utaona na baka jeupe au jeusi upande mmoja unaotazama jua. Inaweza kuwa ilivunjika ukaisahau. Na inaweza kuwa chumvi.

Hii ya chumvi tuiseme, kwasababu maji ya visima na bomba sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana madini mengi, floraidi ikiwemo, ndo yale yanayowafanya watoto wakue na meno ya kahawia. Ukimwagia okidi maji ya namna hiyo kila siku na mbolea juu yake, chumvi inabaki kwenye chungu, utaona ukoko mweupe pembeni mwa chungu na juu ya mkaa, ncha za mizizi zinaungua zinakuwa nyeusi, alafu ncha za majani, alafu fimbo mpya zinatoka dhaifu. Kukata ncha hapo ni kuondoa dalili tu. Kinga maji ya mvua kutoka bati, pipa moja la lita 200 linatosha mtu mwenye vyungu vichache kwa muda mrefu, na kila mwezi pitisha maji mengi ya mvua kwenye chungu yatoke chini yaondoe chumvi. Mbolea weka robo ya kipimo kilichoandikwa, na mmea ukiwa umelowa tayari.

BADALA YA MAUA VINATOKA VITOTO KWENYE FIMBO

Nobile inafanya sana hii. Vimimea vidogo na vimizizi vyake vinachomoza kwenye mafundo ambapo ulitegemea maua. Maana yake msimu wa kupumzika ulikuwa unaendelea kumwagia maji na mbolea ya naitrojeni, au usiku haukuwa na baridi ya kutosha, kwahiyo macho yakageuka kuwa mimea. Wapo wanaokata fimbo nzima kwa hasira. Iache, vile vitoto vinakula kutoka kwenye hiyohiyo fimbo. Mwaka unaofuata kuanzia mwishoni mwa Mei acha mbolea, punguza maji, weka nje usiku chini ya kibaraza penye mwanga, na usirudishe maji mpaka uone vitufe vya maua ni vya duara kabisa, maana vikiwa bado vidogo ukimwagia sana vinaweza kugeuka vitoto.

Kwa mtu wa Moshi chini kabisa, Majengo au Pasua, sikushauri uhangaike na nobile. Chukua ile ya bigibbum, utafurahi zaidi.

Vitoto kwenye Dendrobium ya aina nyingine yoyote, hasa vikitoka juu juu kwenye fimbo zote kwa wakati mmoja, mara nyingi ni ishara ya mizizi kufa. Rudi kwenye habari ya mizizi hapo juu.

FIMBO MPYA ZINATOKA FUPI KULIKO ZA ZAMANI

Panga fimbo kwa umri, ya mwaka huu, ya mwaka jana, ya juzi. Kila moja ilitakiwa iwe sawa au ndefu zaidi ya iliyoitangulia. Kama zinapungua, uliza kwanza ulikata ngapi. Nyuma ya chipukizi jipya ziwepo fimbo hai tatu angalau, nne ni bora zaidi, iwe zina majani au hazina. Chini ya hapo mmea unaanza upya na unaweza kuchukua misimu miwili mitatu kabla haujapata nguvu ya kutoa maua.

Kama hujakata kitu, basi ni mwanga mdogo au makumbi yamechoka. Makumbi yanageuka unga baada ya miaka miwili hivi, yanashika maji, mizizi inakosa hewa. Mwanga, angalia majani: kijani kibichi sana kilichoiva na fimbo zinalala upande mmoja, isogeze. Kivuli cha mti wenye majani madogo kinafaa, mjakaranda kwa mfano, ila usisahau kwamba Juni na Julai Arusha mawingu yanakaa mpaka mchana kwahiyo kivuli kilichofaa Februari kinakuwa giza.

Na hili linawahusu wale wanaogawa. Chungu kimejaa fimbo kumi na mbili, jirani kaomba, unampa fimbo moja na mwingine moja. Wote wawili watapata shida. Gawa mafungu ya fimbo tatu au nne zilizoshikana, kila fungu na chipukizi lake.

UNGA MWEUPE, VIPELE, MADOA YA NJANO

Chini ya yale maganda makavu wanaishi wadudu gamba (hivyo vipele) na vidung'ata (huo unga mweupe), wanafyonza, fimbo inapata madoa ya njano, majani yanaanguka kabla ya wakati, na mtu anasema imezeeka. Dalili ya haraka ni sisimizi wanaopanda na kushuka. Vua maganda ya fimbo za zamani, taratibu kutoka juu kwenda chini, yale ya fimbo changa usiguse ngozi itachanika. Sugua kwa mswaki laini na maji yenye sabuni kidogo, palipobana tumia pamba yenye spiriti, rudia kila wiki kwa mwezi mmoja kwasababu mayai yanabaki. Fimbo iliyofyonzwa ikiwa bado ngumu haikatwi.

MBILI AMBAZO ZINA SHERIA ZAKE

Ile okidi ya uani yenye fimbo nyembamba ndefu zinazorukana na maua madogo ya chungwa au nyekundu kwenye ncha, inayoota juani hadi kwenye changarawe, Tengeru na Usa River imejaa kwenye bustani, hiyo ni Epidendrum. Hii ndo unaruhusiwa kukata bila woga. Fimbo ikishamaliza maua inatoa vitoto ubavuni na kulala chini, ukiacha miaka kichaka kinakuwa cha fimbo kavu na maua machache juu. Toa vitoto vyenye mizizi upande, fimbo iliyochoka kata mpaka chini, zitatoka nyingine.

Ya pili ni ya kwetu wenyewe, Ansellia africana, ya maua ya njano yenye madoa ya kahawia ya chui, inakaa juu ya miti porini. Ina fimbo zenye njano njano zinazopoteza majani ya chini, na pale kwenye kitako inatoa vimizizi vyeupe vyenye ncha vinavyosimama kuelekea juu. Watu wanavikata wakidhani ni vijiti vikavu. Vimewekwa hapo kukamata majani yanayoanguka yawe chakula, viacheni. Fimbo zake za zamani zinaweza kutoa maua tena. Na kama huna, nunua kwa mtu anayeizalisha, usimtume kijana apande mti akakuletee. Okidi za porini zote zipo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara yake, na kule Nyanda za Juu Kusini tumeshaona ilivyo watu wakichimba viazi vya okidi za ardhini kuuza Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi hivyo, zinaisha.

WEMBE

Okidi ina virusi viwili vinavyosambaa dunia nzima, Cymbidium mosaic na Odontoglossum ringspot, havina dawa, na njia yake kubwa ya kusafiri ni chombo cha kukatia. Mkasi uliokata mmea wenye virusi ukaenda kwenye mwingine, umeshapanda ugonjwa. Majani yanakuwa na michirizi ya njano, mabaka meusi yaliyodidimia, maua yenye rangi iliyokatikakatika, na mmea mwingine unabeba bila kuonyesha chochote, kwahiyo usiseme wangu mzima.

Wembe mpya kwa kila mmea, wa bei ndogo kabisa dukani. Ukimaliza mmea mmoja unautupa, wa pili wembe wa pili. Kwa fimbo nene zinazohitaji mkasi, unguza makali kwenye moto wa jiko la gesi mpaka yawe moto kweli, acha yapoe, ndo ukate. Kufuta na spiriti peke yake kwa virusi hakutoshi. Mmea ulioonyesha dalili zote hizo mtenge kabisa, na ukiwa na okidi nyingine unazozipenda ni heri umchome.

FIMBO ULIYOIKATA BADO NI HAI?

Inatokea, mtoto kaivunja na mpira, au ulikata ndo umesoma hapa. Usitupe. Kama haijaoza ikate vipande vyenye mafundo mawili au matatu, paka mdalasini pande zote mbili, acha siku moja vikauke, vilaze juu ya nyuzi za makumbi zilizolowa na kukamuliwa kwenye beseni lenye kifuniko cha plastiki kilichotobolewa, kivulini. Fundo lililowahi kutoa maua halitatoa tena, yale ambayo hayajatumika ndo yanatoa vitoto, na inachukua miezi. Nobile inakubali zaidi kuliko ile ya bigibbum. Kitoto kikifikisha mizizi miwili mitatu ya sentimita 5 hivi kikate pamoja na kipande kidogo cha fimbo ya mama, kisha ukipande kwenye chungu kidogo chenye vipande vidogo vya mkaa na makumbi, na mbolea usiweke mpaka jani jipya litoke.